Mcheza Kwao Hutuzwa: Michezo ya Kutazama Vuli Ikikaribia

Katika nchi za kaskazini ya dunia mwezi wa Septemba huja na baridi ya kwanza, na majani huanza kupukutika mitini. Watu huacha matembezi ya jioni, na majumba ya michezo hufungua milango yake kwa msimu mpya. Kwetu sisi mwezi huo huja kwa desturi nyingine. Upepo wa kusi hupungua nguvu, mkulima hutazama mawingu akingojea vuli, na mwanafunzi huwa katika muhula wa tatu, ambao ni mfupi na mwisho wake ni mtihani. Lakini mtu akiichunguza historia ya michezo ya kuigiza katika Kenya ataona kuwa sisi pia tuna msimu wetu, na kwamba msimu huo umewahi kuzaa mambo makubwa. Mwezi wa Oktoba 1976 ulitikisa jukwaa la Nairobi. Mwezi wa Oktoba 1977 ulitikisa kijiji kimoja cha Limuru, kisha nchi nzima. Na kila mwaka, wakati kama huu, vikundi vya waigizaji hutoka shule hadi shule vikicheza vitabu ambavyo wanafunzi watatahiniwa.

Basi nataka tuzungumze habari ya michezo mitatu ya kwetu ambayo kijana hana budi kuitazama akipata nafasi, iwe katika ukumbi wa mji, katika bwalo la shule, au chini ya mwembe. Sikusudii kuisifu tu, maana sifa bila kipimo ni sawa na chumvi bila mchuzi. Nakusudia kuipima mbele yako, ili nawe ujifunze kupima. Mchezo wa kwanza ni Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, wa pili ni Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na wa tatu ni Kigogo wa Pauline Kea.

Kabla ya kupima lazima tuwe na mizani. Michezo mingi ya kwetu ina nyimbo na ngoma, na watazamaji huzipenda. Mwigizaji akianza kuimba watu hupiga makofi, hata kama wimbo hauhusiani na jambo linalotendeka. Jambo hili ndilo linalowapotosha waandishi wavivu. Mwandishi akiona hadithi yake imechoka, huleta ngoma iihuishe, kama mpishi atiaye pilipili nyingi katika chakula kilichoungua. Kwa hiyo nakupa kipimo rahisi. Ukisikia wimbo katika mchezo, uondoe moyoni mwako, ukajiulize: je, mchezo umebaki ulivyokuwa? Kama umebaki, wimbo ule ulikuwa pambo. Kama umevunjika, wimbo ule ulikuwa nguzo. Mchezo bora wa nyimbo ni ule ambao nyimbo zake ni nguzo.

Kipimo hiki hakibagui wenyeji na wageni. Tukumbuke yaliyotokea Oktoba 1976. Ukumbi wa Michezo wa Taifa uliofunguliwa Nairobi mwaka wa 1952, mwaka uleule ambao serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, ulikuwa bado ukitawaliwa zaidi na michezo ya kutoka ng'ambo, ingawa uhuru ulikuwa umetimiza miaka karibu kumi na mitatu. Michezo miwili ya Wakenya ilikuwa ikitayarishwa kwenda katika tamasha kuu la sanaa za watu weusi, lililofanyika Lagos mwaka wa 1977. Mmoja ulihusu kesi ya Dedan Kimathi. Waandishi wake ni Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, na baadaye ulitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi. Wa pili ulikuwa Betrayal in the City wa Francis Imbuga. Michezo hiyo ilipewa siku chache tu, ikabanwa katikati ya dansi ya Wafaransa na mchezo wa nyimbo kutoka Marekani uitwao A Funny Thing Happened on the Way to the Forum.

Hapa kijana mwepesi wa hasira atasema, "Mchezo wa kigeni ulikuwa mbaya." La, si hivyo. Mchezo ule wa Marekani husimulia habari za mtumwa wa Rumi ya kale anayefanya hila nyingi ili apate uhuru wake, na hadithi ya mtumwa anayetafuta uhuru ni hadithi njema kwa taifa lolote. Ubaya ulikuwa katika mgawanyo wa siku. Mgeni alipewa kitanda, na mwenye nyumba akapewa kizingiti. Tena matokeo yalionyesha ni nani aliyekuwa na kiu ya nini. Mchezo wa Kimathi ulipomalizika, waigizaji waliimba wimbo wa mwisho, na watazamaji wakainuka wakaungana nao, wakatoka nje ya ukumbi wakiimba na kucheza. Pima mwenyewe: wimbo uliowatoa watu vitini ukawafikisha barabarani, je, ulikuwa pambo au nguzo?

Sasa tuingie katika mchezo wa kwanza. Kinjeketile ulichapishwa mwaka wa 1969. Mwandishi wake alizaliwa Kilwa, na aliutunga kutokana na Vita vya Maji Maji, ambavyo watu wa kusini ya Tanganyika walipigana na Wajerumani toka mwaka wa 1905 mpaka 1907. Kiongozi aliyeitwa Kinjeketile, wa Ngarambe karibu na mto Rufiji, aliwapa watu maji ya dawa, ikaaminiwa kwamba risasi haitawadhuru. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa risasi, na wengine wengi kwa njaa iliyofuata. Lakini mwandishi mwenyewe ametuonya kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Ni mtu aliyeumbwa kwa ajili ya jukwaa, na apimwe hivyo.

Mchezo huanza kwa mazungumzo ya wanawake wawili juu ya njaa. Mwandishi angeweza kufungua pazia kwa mapigano na moshi wa bunduki, naye hakufanya hivyo. Alianza na chungu kitupu, kwa sababu alijua kwamba vita huanza jikoni kabla ya kufika uwanjani. Wanaume wanafanya kazi katika shamba la Mjerumani, mashamba yao wenyewe yanaota magugu, na watoto hawana chakula. Ukiutazama mchezo huu, usizungumze na jirani yako katika dakika hizo za kwanza. Mwigizaji mzuri wa sehemu hiyo hahitaji kulia. Huokota punje mojamoja, na kwa kuokota kwake utaijua njaa kuliko kwa kilio.

Kisha huja jambo gumu la jukwaani. Kinjeketile hupotea ndani ya mto, watu hudhani amekufa, naye hutoka akiwa hai na habari za maji. Msomaji wa kitabu huupita mto huo kwa mstari mmoja. Mwongozaji wa mchezo hawezi kuupita. Atauonyeshaje mto juu ya mbao? Wengine hutandika kitambaa cha buluu, wengine huwapanga waigizaji wakayumbishe mikono kama mawimbi. Mimi naona njia iliyo bora ni ile isiyotuonyesha mto hata kidogo, bali hutuonyesha nyuso za wanaongoja ukingoni. Muujiza huwa mkubwa zaidi katika uso wa mtu anayeutazama. Na mchezo wenyewe, kwa hakika, unahusu watu hao wanaotazama.

Maana yake ni hii. Makabila yaliyokuwa yakigombana yanaungana kwa sababu ya maji. Kinjeketile anafurahi, lakini punde anaanza kuwa na shaka, kwa kuwa katika ujumbe alioupokea mna habari kwamba watu wake watakuwa watoto wa Seyyid Said. Kumtoa Mjerumani ili kumweka mtawala mwingine, je, huo ni uhuru? Anawataka watu wangoje, wafunzwe, wajitayarishe. Watu hawangoji. Neno limekwisha mtoka mdomoni, limekuwa kubwa kuliko yeye. Sasa leta mizani yetu. Umati unapoimba na kulitaja neno "maji", sauti ya kiongozi inamezwa. Ondoa sauti hiyo ya umati, na utabaki na wanaume wawili, Kinjeketile na Kitunda, wakijadiliana juu ya utaratibu wa vita. Irudishe, na utaona mtu akifungwa jela na watu wanaomwamini. Kwa hiyo sauti ya umati ni nguzo.

Je, mchezo huu hauna kasoro? Unazo. Majadiliano kati ya Kinjeketile na Kitunda ni marefu, na waigizaji wasipokuwa na busara hugeuka kuwa hotuba mbili zinazopokezana. Wajerumani nao wamechorwa kwa mistari michache, wakawa kama vivuli ukutani. Lakini mwisho wake unafuta makosa mengi. Kinjeketile yumo kifungoni, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye hakubali. Haoni tena kama jambo ni kuamini maji au kutoyaamini. Anaona kwamba akikana, watoto watakaozaliwa wataambiwa baba zao walikosea kupigana. Hapo mtazamaji huondoka na swali zito: je, yawezekana mtu akakataa kusema kweli ndogo ili asiiue kweli kubwa? Mimi sikujibii. Nenda ukatazame, kisha ubishane na wenzako njiani.

Mchezo wa pili unahitaji maneno mengi zaidi, maana habari yake ni ya mchezo na ya watu waliouchezea pia. Ngaahika Ndeenda, ambao umetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Nitaolewa Nikipenda, ulichezwa mara ya kwanza tarehe 2 Oktoba 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Haukuchezwa na watu waliosomea sanaa. Wachezaji walikuwa wakulima, wafanya kazi wa viwandani na mashambani, wazee na vijana wa kijiji. Wenyewe walijenga jukwaa lao uwanjani, lisilo na paa, lenye nafasi ya watu wapatao 2000. Mazoezi yao hayakufichwa. Mtu yeyote aliweza kusimama akatazama, na mzee akisikia neno ambalo mzee wa kweli hawezi kulitamka, alisema, na neno lilibadilishwa. Usione vyaelea, vimeundwa, na chombo hiki kiliundwa na fundi wengi.

Hadithi yake ni nyepesi kuisimulia. Kĩgũũnda ni kibarua, na mali yake ya pekee ni kipande cha ardhi cha eka moja na nusu. Hati ya kipande hicho ameitundika ukutani kama mtu mwingine atundikavyo picha ya mzazi wake. Binti yake Gathoni anapendana na John Mũhũũni, mwana wa Ahab Kĩoi, tajiri ambaye ndiye mwajiri wa Kĩgũũnda. Siku moja tajiri na mkewe wanakuja kumtembelea maskini. Kĩgũũnda na mkewe Wangeci wanafikiri wamekuja kuposa. Kumbe wamekuja kuwaambia kwamba ndoa yao ya kimila si ndoa, wafunge ya kanisani kwanza. Ndoa ya kanisani ina gharama, kwa hiyo Kĩgũũnda anaiweka rehani hati yake benki akope. Gathoni anapata mimba, John anamkana. Deni halilipiki, ardhi inanadiwa, na mnunuzi ni Kĩoi mwenyewe.

Ukisoma muhtasari huo utasema, "Hadithi kama hii nimeisikia." Ni kweli. Uzuri wake hauko katika kitendawili cha nini kitatokea. Uko katika mambo mawili, nayo yote mawili hayaonekani vizuri ila jukwaani.

Jambo la kwanza ni ile hati ukutani. Tangu pazia linapofunguliwa mtazamaji anaiona. Watu wanakula, wanagombana, wanacheka, nayo ipo palepale. Kĩgũũnda anaitazama, anaishika, anairudisha. Katika kitabu hati hutajwa kisha husahauliwa mpaka itajwe tena, lakini jukwaani haisahauliki hata dakika moja. Siku ukuta unapokuwa mtupu, au unapobeba kitu kingine badala yake, hakuna haja ya mtu kusema kwamba nyumba imekufa, kwa sababu macho yamekwisha ona. Jifunze hapa, ewe kijana unayetamani kuandika: kitu kimoja kilichowekwa mahali pake husema kuliko hotuba kumi.

Jambo la pili ni nyimbo. Mchezo huu umejaa nyimbo na ngoma kiasi kwamba wengine huuita mchezo wa nyimbo kuliko mchezo wa maneno. Zipo za arusi, zipo za kanisani, zipo za wapiganaji wa msituni, na upo wimbo wa mlevi ambao ndio uliozaa jina la mchezo. Wazee wanapotaka kueleza jinsi nchi ilivyopiganiwa, hawaelezi kwa tarehe. Wimbo unaanza, miguu inaanza, na wakati uliopita unaingia ndani ya nyumba ya Kĩgũũnda mbele ya macho yetu. Tena angalia jinsi wimbo unavyopigana na wimbo. Wageni wa Kĩoi wanaimba za kanisani, na mlevi anapita njiani akiimba zake. Nyimbo hizo mbili zinagombea nyumba moja, kama vile watu wawili wanavyogombea kipande kimoja cha ardhi. Sasa ondoa nyimbo hizo kwa kipimo chetu. Utabaki na habari ya deni na mnada, kama zile zinazoandikwa gazetini kila wiki. Kwa hiyo sisiti kusema kwamba kati ya michezo yetu mitatu, huu ndio ambao nyimbo zake ni nguzo kuliko yote.

Lakini mhakiki asiyeona kasoro za kitu akipendacho ni shabiki. Kasoro ya kwanza ni kwamba matajiri wa mchezo huu wamepakwa rangi moja. Kĩoi hana usiku wa kukosa usingizi. Hatumwoni akijiuliza hata mara moja. Mtu mbaya asiyekuwa na shaka hutuchukiza, lakini hatutishi. Yule anayetutisha ni mbaya anayefanana nasi. Ebrahim Hussein alijua jambo hilo, ndiyo maana shaka aliitia katika moyo wa shujaa wake.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nami nawaomba wasichana wanaosoma kurasa hizi waifikirie. Jina la mchezo ni la mtu anayetaka kuolewa apendapo. Ndoa inayotazamiwa ni ya Gathoni, tumbo lililobeba mimba ni la Gathoni, na aibu iliyobebeshwa nyumba nzima imepitia mgongoni mwake. Pamoja na hayo, Gathoni ndiye anayepewa nafasi ndogo ya kusema. Baba husema sana, jirani Gĩcaamba husema zaidi, mlevi pia ana zamu yake. Gathoni anafukuzwa nyumbani, na baadaye tunasikia kwamba anafanya kazi katika baa. Tunaambiwa habari zake, yeye hatuambii. Mchezo unaopigania wasio na sauti umemsahau mmoja wao ndani ya nyumba yake wenyewe. Atakapopatikana mwongozaji atakayemwacha Gathoni asimame peke yake jukwaani, hata kwa dakika moja ya kimya, akitazama mahali hati ilipokuwa, mchezo utapata sauti yake iliyopotea.

Yaliyofuata unayajua au yafaa uyajue. Watu walikuja kwa miguu na kwa magari kutoka mbali. Tarehe 16 Novemba 1977 leseni ya mchezo ilifutwa. Tarehe 31 Desemba mwaka huohuo Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kesi mpaka Desemba 1978. Mwaka wa 1982 watu wa Kamĩrĩĩthũ walitayarisha mchezo mwingine wa nyimbo, Maitũ Njugĩra, wakakataliwa kuucheza katika Ukumbi wa Taifa, na jukwaa lao la kijijini likabomolewa. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alikwenda kuishi Zimbabwe, akafia huko mwaka wa 2008. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Marekani mwezi wa Mei 2025. Lakini kabla hajafariki, mwezi wa Mei 2022, Ngaahika Ndeenda ulichezwa katika Ukumbi wa Taifa wa Nairobi, siku nyingine kwa Kiingereza na siku nyingine kwa Gĩkũyũ. Mlango uliofungwa ulifunguka.

Tufurahi, lakini tusiache kupima hata wakati wa furaha. Jukwaa la Kamĩrĩĩthũ halikuwa na paa wala pazia zito. Mtazamaji alikuwa jirani wa mchezaji, na jua liliwamulika wote. Katika ukumbi wa mji mtazamaji hununua tiketi, huketi gizani, na mchezaji humulikwa peke yake. Mchezo ni uleule, lakini mkataba baina ya watu umebadilika. Hilo si dhambi, ila ni jambo la kuangaliwa. Nami naona kwamba bwalo la shule, lenye viti vya mbao na madirisha yaliyo wazi, liko karibu zaidi na Kamĩrĩĩthũ kuliko ukumbi wowote wenye mazulia.

Neno hilo la bwalo latuleta kwenye mchezo wa tatu, nao nitaupita kwa hatua fupi, kwa kuwa uliwahi kuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za sekondari na wengi wanaujua. Kigogo wa Pauline Kea ni habari ya jimbo la Sagamoyo, linalotawaliwa na Majoka. Soko la Chapakazi limefungwa, na wachuuzi hawana riziki. Sudi ni mchongaji, naye anatakiwa achonge kinyago cha shujaa wa Sagamoyo. Anakataa, wala keki ya sherehe za uhuru hailainishi moyo wake. Tunu ni msichana anayeongoza wenzake kudai soko lifunguliwe. Anaumizwa mguu, hanyamazi.

Ubora wa mchezo huu ni vitu vya kazi. Katika mwanzo wake tunawaona wachongaji wakiwa karakanani. Mwigizaji wa Sudi ashike patasi kama mtu anayeijua, ateme vumbi la mti, ajifute jasho. Akiishika kama mwanafunzi anavyoshika kalamu, hatutaamini baadaye anapokataa fedha, maana mtu huheshimu kazi ya mkono wake kabla hajaheshimu haki ya nchi yake. Na mwisho wake una picha isiyosahaulika. Sherehe ya mtawala imekosa watu, umati umekusanyika mbele ya lango la soko, na mkuu wa polisi anakataa kuamuru risasi. Udhaifu wake ni kwamba watu wake hutumia methali na tamathali nyingi mno, karibu kila mmoja husema kama mwalimu wa lugha, hata mlevi. Kitabuni jambo hilo humfaidi anayejitayarisha kwa mtihani. Jukwaani huwafanya watu wote wawe na mdomo mmoja. Lakini msichana anayeutafuta ule usemi alionyimwa Gathoni ataupata kwa Tunu, na hilo si faida ndogo.

Sasa neno kwa waigizaji wanaozunguka shuleni msimu huu, na kwenu mnaowatazama. Niliwahi kukaa katika bwalo moja, kikundi kikicheza kitabu cha mtihani. Mchezo wa saa mbili ulikatwa ukawa wa dakika hamsini. Kila palipokuwa na jambo zito, mchekeshaji aliingizwa, akataja jina la mwalimu mmoja na chakula cha shule, wanafunzi wakaanguka vicheko. Ilipofika zamu ya mama kumlilia mwanawe aliyeuawa, bwalo zima lilicheka pia, kwa kuwa lilikwisha zoezwa kucheka. Mwigizaji yule wa kike aliendelea kulia peke yake. Nilimwonea huruma, nikawaonea huruma zaidi waliokuwa wakicheka, maana walilipa kiingilio wakanyang'anywa mchezo bila kujua. Mcheza kwao hutuzwa, wahenga walisema, lakini tuzo la kwanza la mchezaji ni kusikilizwa.

Kwa hiyo ukienda kutazama, fanya mambo haya. Kwanza usiende ukitafuta majibu ya mtihani, kwani majibu yamo kitabuni nayo hayatakimbia. Pili, mchague mtu mmoja mdogo katika mchezo, mtumishi au askari au mtu wa umati, umfuate kwa macho toka mwanzo hadi mwisho. Ukiona yeye naye anaishi, kikundi hicho ni kizuri. Tatu, uondoe kila wimbo moyoni kama nilivyokwambia, uone kama nyumba inasimama. Nne, pazia likifungwa, usiseme "ni mzuri" au "ni mbaya" kabla hujaweza kusema kwa nini.

Huenda utaniuliza, "Nina nauli na kiingilio cha mara moja tu. Niende wapi?" Swali hilo ni la haki, na mhakiki asiyelijibu amekula ujira wa bure. Kama ningekuwa napima ukubwa wa fikira, ningekutuma kwa Kinjeketile, maana hakuna mchezo wa Kiswahili ninaoujua unaouliza swali zito kuliko lake. Kama ningekuwa napima ukaribu na maisha yako ya kila siku, ningekutuma kwa Kigogo. Lakini hiyo yote miwili yaweza kusomwa nyumbani kwa taa, na sehemu kubwa ya utamu wake ikabaki. Ngaahika Ndeenda haisomeki hivyo. Kitabuni nyimbo zake ni maneno yaliyolala. Mpaka miguu ikanyage na koo zifunguke, mchezo huo haujakuwako. Basi fedha yako ya mara moja itumie pale ambapo kitabu hakiwezi kukufikisha. Ukisikia kwamba wanaucheza, katika ukumbi au uwanjani, nenda. Nenda ukamtafute Gathoni, uone kama safari hii wamempa nafasi ya kusema.

Na ikiwa hapana kikundi kitakachopita karibu nawe kabla ya mvua, usikae ukilalamika. Watu wa Kamĩrĩĩthũ nao hawakuwa na ukumbi. Walikuwa na uwanja mtupu, nyimbo za wazee wao, na jambo lililowauma. Shule yako inavyo vitu vya namna hiyo.